Kijana Anaonewa na Wenzake: Mzigo ni wa Nani?

Mzazi anayegundua kwamba mwanawe anaonewa shuleni hupata ushauri wa kila namna kabla jua halijatua. Jirani atasema ahamishwe shule. Mjomba atataka kijana afundishwe karate ili awe anajibu. Bibi atauliza watoto wa siku hizi wanadekezwa na nani, maana wenzao wa zamani walionewa na wakakua. Mwalimu wa darasa naye atamsihi mzazi asilikuze jambo. Wote wanampenda mtoto, na kila mmoja ana hoja yake. Lakini ushauri huo hauwezi kufuatwa wote kwa pamoja, na anayeumia ni yule anayesubiri wakubwa wakubaliane.

Mkanganyiko huu si wa familia moja. Mwaka 2019 UNESCO ilikusanya takwimu za tafiti za wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kukuta karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake walau mara moja katika mwezi uliotangulia. Kwa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara kiwango kilikuwa asilimia 48.2, cha juu kuliko kanda nyingine zote. Darasa la wanafunzi 40 likipimwa kwa kipimo hicho, 19 hivi wameguswa.

Swali linaloulizwa kwa kawaida ni mtoto afanye nini. Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo, kwa sababu linamtwisha kazi yule asiye na nguvu. Kabla ya kufika huko, inafaa kwanza kujua tunazungumzia jambo gani.

Utani, ugomvi na uonevu

Kiswahili kina maneno mengi kwa mambo haya: uchokozi, utani, ugomvi, unyanyasaji, ukatili, uonevu. Wakubwa huyachanganya. Watoto wenyewe hawababaiki, husema tu, "Ananionea." Kitenzi hicho kimebeba wazo zima: mmoja ana nguvu, mwingine hana pa kujibia.

Dan Olweus, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi zake nyingi Bergen, Norway, alianza kulichunguza jambo hili kitaalamu miaka ya 1970 na akafika karibu na hapo hapo. Kwake uonevu una sifa tatu: anayeutenda amekusudia kuumiza, anarudia, na pande mbili hazilingani nguvu. Vijana wawili wa kimo kimoja wanaozichapa kwa sababu ya mpira wana ugomvi. Kijana anayeporwa pesa ya chakula kila Jumatatu na kundi lile lile anaonewa.

Utani ndio unaowachanganya watu zaidi, kwa kuwa waonevu wengi wakishikwa hujitetea kwamba walikuwa wanatania. Utani wa kweli una sheria zake, na jamii zetu zinazijua. Mngoni humtania Mhehe, naye Mhehe hurudisha. Babu humtania mjukuu, mjukuu akamjibu mbele za watu na hakuna anayekasirika. Tena siku mtani akifiwa, mtani mwenzake ndiye anayefika kushika kazi za msiba. Utani una njia ya kurudi, na una wajibu ndani yake. Mwanafunzi mgeni wa bweni anayeitwa "njuka" Tanzania au "mono" Kenya, akaamriwa kufua soksi za kaka wa kidato cha nne, hana ruhusa ya kumwambia kaka huyo naye afue za kwake. Hilo haliwezi kuitwa utani.

Wanaochaguliwa kuonewa hawachaguliwi ovyo. Katika takwimu hizo hizo za UNESCO, sababu iliyotajwa zaidi na wanafunzi ni mwonekano wa mwili. Mtoto mwenye ualbino, mwenye kigugumizi, aliyenenepa, aliyevaa sare iliyochujuka, aliyetoka kijijini na lafudhi yake, binti aliyewahi kuvunja ungo kabla ya wenzake: hawa ndio huanza kupimwa. Wasipopata wa kusimama nao, kipimo hugeuka desturi.

Bweni, kiranja na fimbo

Si haki kuwalaumu watoto bila kuangalia nyumba walimowekwa. Shule za bweni za Afrika Mashariki zilirithi mfumo wa Uingereza ya karne ya 19, uliohusishwa sana na Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi 1842. Katika mfumo huo wanafunzi wakubwa walipewa mamlaka juu ya wadogo, na wadogo waliwatumikia wakubwa kwa kazi ndogondogo. Riwaya mashuhuri ya Thomas Hughes kuhusu shule hiyo, iliyotoka mwaka 1857, ina mwonevu kama mmoja wa wahusika wake wanaokumbukwa zaidi. Mfano huo wa shule ulisafiri na wamisionari na serikali za kikoloni. King's College Budo ilifunguliwa Uganda mwaka 1906, Alliance ikafunguliwa Kenya mwaka 1926, na Tabora ikafuata mkondo huo huo katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu wa Tanganyika.

Uhuru ulikuja, viranja wakabaki. Sababu kubwa ni hesabu. Mabweni yenye mamia ya vijana hulindwa usiku na matroni au patroni mmoja na mlinzi wa geti. Anayegonga kengele, anayeandika orodha ya wapiga kelele, anayegawa zamu za usafi na anayezima taa ni mwanafunzi. Kiranja ni msimamizi asiyelipwa. Malipo yake, kama hakuna anayeangalia, ni mamlaka.

Mapema mwaka 2017 taarifa za vijana wadogo kupigwa na wakubwa wao, wakiwamo viongozi wa wanafunzi, zilitoka Alliance, mojawapo ya shule zinazoheshimika kuliko zote Kenya. Wizara ilichunguza, na mwalimu mkuu akastaafu kabla ya wakati. Lililowashtua Wakenya wengi ni mahali palipotokea. Ikiwa shule inayochukua vijana waliofaulu kuliko wote haikuwa salama, basi kisingizio cha "shule mbovu" hakikutosha tena.

Mfumo huu huwaumiza hata wanaopewa mamlaka. Mei 1999, viongozi wanne wa wanafunzi katika shule moja ya Nyeri walikufa baada ya wenzao kuchoma chumba walimokuwa wamelala. Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, Kenya ilianzisha mabaraza ya wanafunzi ya sekondari yenye viongozi waliopigiwa kura, badala ya viranja walioteuliwa na walimu. Yalikuwa mageuzi ya maana. Lakini kama Alliance ilivyoonyesha, kura peke yake haimvui mtu mamlaka ya usiku.

Kisha kuna fimbo ya mwalimu. Tanzania bado inairuhusu kwa masharti: kanuni za 1979, zilizopunguzwa makali mwaka 2002, zinataka isizidi viboko vinne, itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001, na Uganda ikaingiza katazo kwenye sheria yake ya watoto mwaka 2016. Hakuna kanuni hata moja kati ya hizo inayompa kiranja fimbo. Hata hivyo mwanafunzi anayeona kila siku kwamba mwenye nguvu hutatua mambo kwa kupiga hahitaji kufundishwa mara mbili. Na njuka wa mwaka jana ndiye anayempokea njuka wa mwaka huu. Kisasi hakimrudii aliyemwonea, kinashuka ngazi.

Hoja ya uvumilivu

Msimamo wa kwanza ni ule wa bibi: avumilie, atakomaa. Mwenye nguvu mpishe, na mvumilivu hula mbivu. Si msimamo wa kudharauliwa. Maisha yana misuguano, na mtoto anayeingiliwa kila anapobishana na mwenzake hatajifunza kusamehe wala kudai haki yake kwa mdomo wake. Mzazi anayekimbilia shule kwa kila neno baya humnyima mwanawe mazoezi hayo.

Udhaifu wake ni kwamba unachukua dawa ya ugomvi na kuinywesha kwa uonevu. Watafiti wa London walifuatilia Waingereza 7,771 waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958, ambao wazazi wao walikuwa wameulizwa kama watoto wanaonewa walipokuwa na miaka 7 na 11. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba walioonewa mara kwa mara bado walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao karibu miaka 40 baadaye, na afya na mahusiano yao yalikuwa dhaifu zaidi walipofika miaka 50. Wanaosema "tulionewa na tukakua" ni wale waliopita salama. Aliyeacha shule kwa sababu hiyo haji kwenye mkutano wa waliosoma pamoja kutoa ushahidi wake.

Hoja ya ngumi

Mjomba naye ana lake: arudishe, wataacha. Kuna heshima katika hoja hii. Inamkumbusha kijana kwamba mwili wake ni wake, na wapo ambao siku moja waliporudisha kofi hawakuguswa tena.

Tatizo ni kwamba ushauri huu unasahau maana ya uonevu. Angekuwa na nguvu za kurudisha, asingeonewa. Kundi la watano halitishwi na ngumi ya mmoja, na mwalimu akifika huona wapiganaji wawili, akawaadhibu wote sawa. Tafiti nyingi pia zimekuta kwamba watoto walio katika hali mbaya zaidi ni wale walio waonewa na waonevu kwa wakati mmoja. Wanapigwa na wakubwa, halafu wanatafuta wadogo wa kuwapiga. Hoja ya ngumi, ikifuatwa hadi mwisho wake, huzalisha watoto hao.

Hoja ya adhabu na sheria

Kila video ya mwanafunzi akipigwa na wenzake inaposambaa, umma hudai wahusika wafukuzwe na wafikishwe mahakamani. Pale penye majeraha, wizi au udhalilishaji wa kingono, madai hayo ni sahihi. Jinai haigeuki mchezo kwa kuwa imetendwa na mvaa sare. Nchi nyingine zimekwenda mbali. Japani ilipitisha sheria maalumu mwaka 2013 baada ya kifo cha mvulana wa miaka 13 mjini Otsu mwaka 2011, na sheria hiyo ikazifunga shule kuzuia, kuchunguza na kutoa taarifa. Ufaransa ilifanya uonevu wa shuleni kuwa kosa la jinai mwaka 2022.

Hapa kwetu sheria za mitandao ndizo zilizo kali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inataja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa uonevu wa mtandaoni. Ya Kenya ya 2018 inafika shilingi milioni 20 au miaka 10. Ziliandikwa kwa ajili ya watu wazima. Kwa mtoto mdogo, hakimu hukutana kwanza na swali la umri: Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kwa jinai.

Gharama ya ukali haionekani haraka. Jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilipopitia sera za kutovumilia kosa lolote, ripoti yake ya 2008 haikupata ushahidi kwamba zinafanya shule kuwa salama zaidi. Adhabu ikiwa kubwa mno, mtoto huogopa kusema, maana atajulikana kuwa ndiye aliyemfukuzisha mwenzake. Katika mabweni yetu aliyewasemea wenzake hubeba jina hilo hadi mtihani wa mwisho. Na aliyefukuzwa haendi mwezini. Anahamia shule ya pili akiwa na hasira zaidi.

Hoja ya kupatanisha

Walimu wengi wenye huruma huchagua njia ya kati: waitwe wote wawili, wazungumze, washikane mikono, yaishe. Katika Ulaya njia za aina hii zilipewa muundo. Anatol Pikas wa Sweden alibuni mazungumzo ya mmoja mmoja na wanakikundi kabla ya kuwakutanisha, na Uingereza ya miaka ya 1990 ilikuwa na mbinu ya kumsaidia mwonewa bila kumtafuta wa kumlaumu. Nguvu yake ni kwamba mwonevu hafungiwi katika sura moja, na mtoto wa miaka 13 bado anaweza kubadilika.

Lakini Pikas hakuanza kwa kuwakalisha ana kwa ana, na hapo ndipo wengi hukosea. Suluhu ya baraza hufaa pande mbili zinazolingana na zote zina makosa. Mtoto aliyeporwa akiambiwa naye aombe radhi "kwa upande wake," anapata funzo moja tu: hata ofisi ya mwalimu ni ya mwenye nguvu. Usiku wa siku hiyo hiyo bwenini atalipia mkutano ule.

Wanaotazama

Mtafiti mmoja na wenzake mjini Toronto waliwarekodi watoto viwanjani kwa kamera na vinasa sauti, na mwaka 2001 wakachapisha walichokiona. Katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu kulikuwa na wenzao wanatazama. Waliingilia katika asilimia 19 tu. Lakini pale walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde kumi. Hakuna mwalimu wa zamu anayeweza kufika kwa kasi hiyo.

Programu zilizofanya vizuri zaidi zimejengwa juu ya hadhira hiyo. Olweus aliijenga ya kwanza Norway mwaka 1983, baada ya wavulana watatu wa kaskazini mwa nchi kujiua, pengine kwa sababu ya kuonewa. Finland, kupitia Christina Salmivalli na Chuo Kikuu cha Turku, ilianza kutengeneza KiVa mwaka 2006 na kuieneza nchi nzima kuanzia 2009. KiVa huwafundisha wanafunzi wote vipindi vya kawaida kuhusu nafasi ya anayecheka, anayeshangilia na anayegeuza uso. Tukio likitokea, walimu waliofunzwa huongea na wahusika, kisha huwaomba wanafunzi wachache wanaopendwa darasani wawe karibu na aliyeumizwa. Mwonevu hutafuta sifa. Hadhira ikimnyima, biashara yake haimlipi.

Njia hii pia ina mipaka. Uchambuzi wa tathmini 100 za programu za kupambana na uonevu, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta zinapunguza kuonewa kwa asilimia 15 hadi 16, na kuonea kwa asilimia 19 hadi 20. Ni nafuu ya kweli kwa maelfu ya watoto, lakini wengi wanabaki. Watafiti wa KiVa wenyewe walieleza jambo linalouma: shule ikipata nafuu, wale wachache wanaoendelea kuonewa huumia zaidi, kwa sababu sasa kila mmoja anajiona yuko peke yake na kosa ni lake. Zaidi ya hapo, Finland ina madarasa madogo na watoto hurudi nyumbani jioni. Kuibeba programu hiyo jinsi ilivyo hadi kwenye bweni la Iringa au Kakamega ni kupoteza fedha.

Mfano wa karibu zaidi upo Uganda. Shirika la Raising Voices lilitengeneza mpango wa shule nzima unaoanza na walimu wenyewe: nidhamu isiyo ya viboko, wanafunzi kushirikishwa, kanuni kuandikwa pamoja. Ulipojaribiwa kwa miezi 18 katika shule za msingi 42 wilayani Luwero, hatari ya mwanafunzi kupigwa na mfanyakazi wa shule ilipungua kwa asilimia 42, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015. Ulilenga fimbo ya mkubwa kwanza. Ukweli huo una uzito, kwa sababu unaonyesha kwamba shule ya Afrika Mashariki yenye darasa lililojaa inaweza kubadilika ndani ya mwaka mmoja na nusu.

Kumsaidia anayeumia leo

Mageuzi ya shule huchukua miaka, na mtoto anaingia darasani kesho asubuhi. Mradi mmoja wa Marekani ulioongozwa na Stan Davis na Charisse Nixon uliwauliza zaidi ya wanafunzi 13,000 ni nini kiliwasaidia hasa. Majibu yanawashangaza wakubwa. Kupiga, kumwambia mwonevu aache na kujifanya hujaumia havikuwasaidia wengi, na mara nyingi hali ilizidi. Mkubwa aliyewaambia waache kusemea, au wabadilike wao, aliwaumiza zaidi. Kilichosaidia kilikuwa kidogo kwa sura: mwenzao kukaa nao, kutembea nao, kuwapigia simu jioni, na mkubwa kuwasikiliza, kisha kuuliza tena siku chache baadaye kama mambo yametulia. Utafiti wa Kanada wa 1999 uliona jambo hilo hilo, kwamba hata rafiki mmoja wa karibu hupunguza makali ya uonevu.

Wapo wasio na hata huyo mmoja. Kwao namba 116 hupigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda, na anayepokea amefunzwa kuongea na watoto. Walakini bweni lisiloruhusu simu linahitaji njia nyingine: mwalimu wa unasihi mwenye vipindi vichache vya kufundisha, ili mlango wake uwe wazi kweli.

Simu yenyewe imeleta balaa jipya. Zamani kengele ya mwisho ilikuwa mpaka. Sasa picha humfuata mtoto hadi kitandani, na hadhira haina mwisho. Aprili 2021, binti wa miaka 15 wa Limpopo, Afrika Kusini, alijiua baada ya video ya kupigwa kwake na mwanafunzi mwenzake kusambaa. Kofi lilipigwa na mmoja. Waliosambaza walikuwa wengi, na kila aliyetuma mbele alishiriki.

Mizani

Ukiziweka hoja hizi pamoja, uvumilivu unafaa kwa ugomvi mdogo na ni hatari kwa uonevu. Ngumi ni ya kujinusuru dakika ile, si mpango wa muhula mzima. Sheria ni ya lazima pale penye jinai, lakini haiwezi kulinda bweni saa tano usiku. Upatanishi unafaa baada ya usalama kupatikana, kamwe si kabla. Inayobaki na uzito zaidi ni ile inayomwondolea mwonewa mzigo na kuugawa kwa hadhira na kwa wenye shule.

Kwa shule zetu hilo lina maana ya kuanzia kwa kiranja: abaki na kengele na orodha, avuliwe adhabu na kazi za kuwatumikisha wadogo, na mkubwa anayelipwa mshahara alale karibu na mabweni. Ni gharama, na bajeti za shule ni finyu. Tanzania imekwisha kukubali sehemu ya hoja hii: kuanzia Machi 2023 shule hazipaswi kulaza watoto wa awali hadi darasa la nne bila kibali maalumu.

Mzazi hawezi kuajiri matroni. Lakini siku ya kumtembelea mwanawe anaweza kuacha kwa dakika chache maswali ya alama na madaftari, akauliza, "Mapumziko huwa unakaa na nani?" Mtoto akitaja majina matatu bila kufikiri, mzazi anaweza kurudi nyumbani akiwa ametulia kidogo. Akikaa kimya, au akisema huwa anabaki darasani, basi mzazi asipande basi kabla hajamwona mwalimu wa malezi na kuomba tarehe ya kuonana tena.